Nunua parafujo, jiliwa lichonge mwenyewe

Ubao usioshikika haupigiki randa. Hilo halina ubishi kwa seremala yeyote, awe wa Juru, wa Rubondo au wa Base Camp ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ama awe na karakana yenye umeme mjini Mbarara. Ubishi huanza anapouliza aushike kwa kifaa gani. Jibu la haraka ni jiliwa la chuma, vaisi kama linavyoitwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na asiye na uwezo wa kulinunua humwomba kijana amkalie ubao, au huukanyaga mwenyewe huku akikata. Naona majibu yote mawili yana kasoro, na la kwanza ndilo lenye hasara kubwa kwa sababu linaonekana kama maendeleo. Fundi anayejitengenezea benchi nyumbani, akiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, anunue parafujo ndefu na nati yake. Sehemu nyingine zote za jiliwa zitoke kwenye mti, kwa mikono yake mwenyewe.

Mahali penyewe ndipo panapoipa hoja hii uzito. Nakivale, wilayani Isingiro, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakitangulia Wanyarwanda; siku hizi Wakongo ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali na wengineo, waliotawanyika katika eneo la takriban kilomita za mraba 185. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kuendesha biashara, na sera ya nchi humpa kipande cha ardhi cha kutumia. Lakini ruhusa haijazi sufuria. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaondolewa kwenye mgao. Kazi za mkono zilizokuwa za kuongezea kitoweo sasa zinatakiwa kuleta chakula chenyewe. Anayetakiwa kulisha watoto kwa randa na msumeno anastahili ushauri mzuri kuhusu kifaa kinachoshika mbao zake, na ushauri huo uzingatie kwamba duka lenye vifaa vya kutosha liko Mbarara, safari ya takriban kilomita 60 kwa barabara. Kifaa kikivunjika, fundi hapotezi bei yake tu. Anapoteza nauli, siku ya kazi, na pengine mteja aliyeahidiwa kitanda Jumamosi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana jiliwa huchaguliwa kwa kazi, halichaguliwi kwa sura. Seremala wa makazi kama haya hutengeneza vitanda, milango, madirisha, meza, mabenchi ya kanisa na ya shule, na majeneza. Karibu kila kimoja kinaanza kwa mbao ndefu za mkaratusi, paini au msizi ambazo kingo zake hazijanyooka. Anahitaji kuusimamisha ubao wa mita mbili kwa ukingo ili aupige randa. Anahitaji kuusimamisha wima ili akate ulimi wa kiungo kwa msumeno. Na anahitaji kuulaza chali mezani ili atoboe tundu la ulimi huo kwa patasi. Jiliwa linalofaa ni lile lenye taya pana, lisilo na meno, linalofunguka sentimita 15 au zaidi, na ambalo uso wake uko sawasawa na ukingo wa benchi, ili ubao mrefu uegemee benchi lote.

Sasa litazame vaisi linalopatikana kwa urahisi madukani. Hilo lilibuniwa kwa ajili ya fundi wa vyuma. Limejengwa likae juu ya meza, kwa hiyo ubao wa mita mbili ukibanwa humo unaning'inia hewani na kutetemeka kila randa inapopita. Mataya yake ni membamba na yana meno, yanaacha alama kwenye mti laini kama paini, na fundi analazimika kuweka vipande vya mbao katikati ambavyo huanguka kila anapofungua. Lipo jiliwa la chuma lililobuniwa kwa useremala, linalofungwa chini ya meza. Waingereza wamelitengeneza kwa zaidi ya karne moja, na lile la kampuni ya Record ya Sheffield lilipata sifa duniani kote. Ni kifaa kizuri, sina ubishi. Lakini lile la inchi 9 lina uzito wa zaidi ya kilo 10, linahitaji meza nene ya kulibeba, na si bidhaa ambayo fundi wa Nakivale ataikuta kwenye rafu za mji wowote ulio karibu naye. Kwa hiyo uchaguzi halisi mbele yake ni kati ya vaisi la fundi chuma na jiliwa la kujitengenezea. Mashirika mengi ya misaada yanapoandika orodha ya vifaa vya kuwagawia mafundi, nadhani hayauoni uchaguzi huo. Neno moja linafunika vitu viwili.

Jiliwa ninalolitetea ni jiliwa la mguu. Mguu wa mbele wa benchi, ulio mnene na uliosimama wima, ndio taya la kwanza. Taya la pili ni ubao mnene unaosimama mbele yake, kutoka usawa wa meza hadi karibu na sakafu. Parafujo inapenya vyote viwili, kiasi cha sentimita 25 chini ya uso wa meza, na nati imefungwa nyuma ya mguu. Chini kabisa, ubao mwembamba wenye matundu umekazwa kwenye taya la pili na kuingia ndani ya mguu. Kigingi kikichomekwa kwenye tundu linalolingana na unene wa kazi, taya linabaki wima na juu panabana sawasawa. Hakuna kingine. Anayejua kutoboa tundu la kitanda anajua kulitengeneza, na mbao zake zaweza kutoka kwenye masalio ya kazi ya mlango, mradi taya liwe la mti mgumu uliokauka.

Je, litabana vya kutosha? Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Tuseme parafujo inasogea milimita 5 kwa kila mzunguko, na mkono unashika mpini sentimita 20 kutoka katikati. Katika mzunguko mmoja mkono unasafiri karibu sentimita 126 wakati taya linasogea nusu sentimita, yaani nguvu ya mkono inazidishwa mara 250. Msuguano unakula sehemu kubwa. Tukiupa hata sehemu nne kati ya tano, zinabaki mara 50. Msukumo wa kilo 10, ambao mtoto wa shule anauweza, unakuwa mbano wa kilo 500 kwenye parafujo. Kwa kuwa ubao unabanwa juu na kigingi kiko chini, sehemu ya mbano huo inaishia kwenye kigingi. Kigingi kikiwa nusu mita chini ya parafujo, theluthi moja inapotea na kilo 330 hivi zinaufikia ubao. Nguvu hiyo inatosha na kubaki. Anayedai kwamba mti hauwezi kubana kama chuma anasahau kwamba kinachobana katika majiliwa yote mawili ni hesi ya parafujo, na parafujo ya hili la mti ni ya chuma vilevile.

Wala si kifaa cha kubahatisha cha watu waliokosa. André-Jacob Roubo, seremala wa Paris, alipochapisha kitabu chake kikubwa cha ufundi kuanzia mwaka 1769, benchi alilolichora lilikuwa na meza nene, kizuizi cha mbele, chuma cha kushindilia ubao, na jiliwa la mguu lenye parafujo iliyochongwa kwa mti. Joseph Moxon wa London alikuwa ameshachora benchi lenye jiliwa la parafujo za mti katika karne ya 17. Samani ambazo majumba ya makumbusho ya Ulaya yanazilinda kwa vioo zilitengenezwa kwenye mabenchi ya aina hiyo. Ulaya ilihamia chuma pale viwanda vyake vilipoanza kusubu chuma kwa wingi na kwa bei rahisi, katika karne ya 19; ilifuata kile kilichokuwa rahisi kupatikana kwao. Fundi wa Isingiro akifuata akili hiyohiyo atafika kwenye jibu tofauti, kwa kuwa vilivyo rahisi kwake ni mti, fundi wa kuchomelea, na vyuma vya ujenzi.

Kuhusu parafujo yenyewe inafaa kuwa makini, maana ndipo fedha zinapokwenda. Njia ya kwanza ni bolti ndefu ya uzi mzima, ile inayouzwa kwa mita. Ya milimita 20 ina nguvu ya kutosha, lakini hesi yake ni nyembamba: inasogea milimita 2.5 kwa mzunguko, hivyo kufungua sentimita 10 ni mizunguko 40. Kwa fundi anayebana mbao za unene mmoja asubuhi nzima si tatizo. Kwa anayebadilisha kazi kila dakika tano itamchosha mkono na moyo. Njia ya pili, na ndiyo ninayoipendelea, ni parafujo ya jeki za jukwaa la ujenzi, zile zinazosimamisha mabomba na kuinua mbao za zege. Ya milimita 38 ina hesi pana na butu, inasogea karibu milimita 8 kwa mzunguko, na sentimita 10 zinaisha kwa mizunguko 12 au 13. Imezoea vumbi, saruji na mvua, na huja na nati yake yenye masikio ambayo yanaweza kuzamishwa na kukazwa nyuma ya mguu wa benchi. Mji unaojengwa kwa kasi kama Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, hauwezi kukosa jeki zilizopinda bamba lakini hesi yake ingali nzima. Njia ya tatu ni kumpelekea fundi wa mashine ya kukereza vyuma akate hesi pana. Kazi nzuri, ila ni ya mwenye fedha. Parafujo ya jeki ya gari dogo ningeikwepa: ni fupi na nyembamba.

Ubora wa mpango huu unaonekana zaidi siku ya kuharibika. Majiliwa mengi ya dukani ni ya chuma cha kusubu. Chuma hicho kinastahimili mgandamizo, lakini kikipigwa nyundo vibaya au kikikazwa kupita kiasi kwa bomba la kuongezea mpini kinapasuka, na kukichomelea kunahitaji kukipasha moto kwanza na kutumia vijiti maalumu ambavyo fundi wa geti na madirisha kwa kawaida hana. Taya likipasuka, kilichobaki ni chuma chakavu cha kuuzwa kwa kilo. Taya la mti likipasuka linachongwa jingine jioni ileile. Nati ikilika inachomelewa nyingine kwenye bamba, kazi ya kawaida kabisa kwa mchomeleaji yeyote. Zaidi ya hayo, mkimbizi hamiliki ardhi anayoikalia, na maisha yake yanaweza kumhamisha: kurudi nyumbani, kuhamishiwa nchi ya tatu, au kufuata wateja mjini. Parafujo inafunguliwa, inafungwa kwenye mzigo na kusafiri naye. Benchi lililobaki linakuwa la jirani au linakuwa kuni. Na usiku, parafujo hiyohiyo inachomolewa na kulala ndani ya nyumba, jambo ambalo kila mwenye karakana ya wazi analielewa bila kuelezwa.

Kuna wasioshawishika, na baadhi wana hoja. Wa kwanza watasema muda ni fedha: kuinama kuhamisha kigingi kila unene unapobadilika ni adha. Ni kweli, ni adha. Lakini kitanda na mlango ni kazi za unene mmoja au miwili. Kigingi kinahamishwa mara chache kwa siku, na fundi akizoea anatumia kipande cha mbao chini badala ya kigingi na kukisogeza kwa kidole cha mguu. Wengine watasema hata vaisi la fundi chuma lina kazi yake, hasa kushika msumeno unaponolewa kwa tupa. Ninakubali kwamba karakana inayochanganya mbao na vyuma inalihitaji. Kwa seremala mtupu, vipande viwili vya ubao vinavyobanwa ndani ya jiliwa la mguu, msumeno ukiwa katikati na meno yakichungulia juu, vinatosha kunolea msumeno wowote.

Hoja nzito zaidi ni ya mashine. Mbarara kuna wanaoranda mbao kwa mashine na kumtoza mteja kwa ubao, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na jiliwa wakati ubao unaweza kurudi Nakivale ukiwa umenyooka. Ningeliuliza swali hilo kinyume. Mashine inanyoosha ubao. Haikati ulimi wa kitanda hiki kwa kipimo cha tundu hili, haitoi kipande kilichopinda baada ya siku mbili za jua, hairekebishi mlango uliovimba masika. Umeme wenyewe haujafika kila kijiji cha makazi haya, na ubao ukisafirishwa kwenda na kurudi unabeba nauli mara mbili. Anayetumia mashine ya mjini kwa mbao pana na kumalizia kwa mkono nyumbani anafanya jambo la busara, na huyo ndiye atakayehitaji benchi linaloshika vizuri kuliko wote, kwa sababu viungo vyake lazima vilingane na mbao zilizonyooka kweli.

Kuna na wale watakaokumbusha kwamba mafundi wa pwani walichonga milango ya Lamu na Zanzibar wakiwa wamekaa chini, ubao ukishikwa kwa miguu na kwa uzito wake. Heshima yao iko palepale. Ila gogo la mlango wa nakshi linajishika lenyewe kwa uzito, na patasi ya nakshi inagongwa kwa mapigo mafupi. Mguu wa kiti cha msizi hauna uzito huo. Anayeukanyaga na kuukata kwa msumeno mkali anahatarisha mguu wake mwenyewe, na ulimi anaoupata mara nyingi umepinda. Kisha kiungo kinajazwa gundi na vumbi la mbao, kinapigwa misumari, na baada ya mwaka kitanda kinaanza kulia usiku. Mteja anayesema samani za kambini hazidumu anailaumu mikono ya fundi, na pengine angepaswa kulitazama benchi.

Jiliwa halina maana kwenye benchi linalotembea. Meza iwe na unene usiopungua sentimita 7, miguu iwe ya nguzo za mkaratusi, na kama sakafu ni ya udongo wapo watakaopenda kuizika miguu ardhini. Hilo linaliongezea benchi uzito bila gharama, ila mchwa wa Isingiro hawana subira, kwa hiyo mguu wenye jiliwa ningeuacha juu ya jiwe na kuipaka oili chafu ile iliyozikwa. Kwa asiye na fedha hata ya parafujo, kuna pa kuanzia: kizuizi cha ubao mwishoni mwa meza, nondo ya milimita 16 iliyopindwa kama bakora na kugongwa kwenye tundu la benchi ili ishindilie kazi chini, na kabari inayobana ubao kwenye pengo lililokatwa ubavuni. Vitatu hivyo vinafanya nusu ya kazi za jiliwa. Kukata ulimi wima ndiko kutakakomkumbusha kwamba parafujo bado inahitajika.

Hapa ndipo ninapowageukia wanaogawa masanduku ya vifaa kwa vijana wanaohitimu ufundi. Vaisi linapendeza pichani. Linang'aa, ni zito, linaonyesha kwamba fedha ya mfadhili imegeuka kuwa kitu. Parafujo yenye vumbi la saruji haipendezi. Lakini kwa kila kijana anayehitimu useremala ingefaa kuwekwa ndani ya sanduku parafujo moja, nati iliyochomelewa kwenye bamba lenye matundu manne, pete ya kulirudisha taya parafujo inapofunguliwa, na kipande cha bomba cha mpini. Taya, mguu na ubao wa kigingi viwe kazi ya mwisho ya mafunzo, achonge mwenyewe mbele ya mwalimu wake na aondoke navyo. Kuchomelea mabamba mia moja ya namna hiyo ni kazi ambayo karakana ndogo ya Mbarara inaiweza bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo, na mchomeleaji aliyelipwa kwa kazi hiyo ndiye atakayejua, miaka mitatu baadaye, nati ya aina gani imelika na namna ya kuirekebisha.